Jina la Ansima

Ukuta wetu wa Kadutu ni wa mbao.
Jirani akipiga chafya, mimi ndiye ninayesema pole;
mama akihesabu pesa za sambaza, kwa sauti ya chini kabisa,
mtu wa upande wa pili humsahihisha.
Hapo ndipo nilipotakiwa kutunza siri.

Mwaka wa kwanza, chuoni, walitupa akaunti
na mraba mtupu wa kujaza: neno la siri.
Vitabuni ni nywila. Sisi Bukavu husema modepasi,
haraka haraka, kama jina la kitambaa.
Nikaandika Ansima, jina la mdogo wangu,
na mwaka aliozaliwa, mwaka wa mvua ile
iliyobeba choo cha kina Bisimwa hadi bondeni.
Sikufikiri. Mkono uliandika kinachopendwa.

Ansima alifurahi mno.
Kwenye foleni ya maji, dumu la njano miguuni,
aliwaambia wenzake: jina langu linafungua chuo kikuu.
Na kweli lilikuwa likifungua.

Jumanne, saa nane za usiku,
umeme umekatika tangu jioni,
nimelala, goti la Ansima mgongoni mwangu,
barua ilitoka kwa jina langu
kwenda kwa profesa wa takwimu.
Sitairudia hapa. Ilikuwa na matusi matatu
na kosa moja la sarufi,
na kosa hilo ndilo nililojitetea nalo.

Zihalirwa, mlinzi wa chumba cha kompyuta,
mtu wa sweta moja misimu yote,
hakunikemea. Aliuliza tu:
"Jioni mdogo wako akichelewa, unamwitaje?"
Ansima! Ansima wee!
"Mara ngapi?"
Mpaka asikie.
"Basi na Kadutu yote imesikia."

Akaendelea, akipangusa kibodi kwa ncha ya mkono wa sweta:
usichague unachokiita kwa sauti.
Tafuta maneno manne ambayo hayajawahi kukutana njiani,
yashikane mikono, yawe marefu,
yawe na kichekesho unachokijua peke yako.
Ufunguo wa chuo usifungue pia simu yenye pesa zako.
Na sauti tamu ikikupigia, ikidai ni ya ofisi,
ikiomba neno lako kwa ukaguzi, ikatie.
"Ofisi haijawahi kuniomba mimi langu,
nami nimeifanyia kazi miaka kumi na tisa."

Mama alitaka tuliandike kwenye karatasi,
tuliweke ndani ya Biblia, kati ya Zaburi na risiti ya ada.
Mama, kila mgeni hufungua Biblia ile.

Nshobole, mwenzangu wa kuazimana chumvi na makaa,
alisimama mlangoni: "Hata mimi?"
Hata wewe.
Nikampa makaa kuliko aliyoomba.

Nililitunga nikipanda ngazi za udongo, viatu mkononi.
Ngazi ni ngapi? Sisemi.
Ndani yake kuna mnyama, au hakuna.
Labda kuna neno la Kishi
ambalo nyanya alilitamka vibaya maisha yake yote.
Ukilitafuta humu utachoka:
nimepita mbali nalo makusudi,
kama mtu anayekwepa nyumba ya mdai wake.

Usiku, gizani:
"Sasa umeweka jina la nani?"
Si la mtu.
Akanigeuzia mgongo, goti akaondoka nalo.
Upande wa pili wa mbao jirani aliacha kukoroma,
naye akisubiri.
Sikumwambia Ansima habari za foleni ya maji.
Sitamwambia.

Lakini kila asubuhi, mbele ya mraba ule mtupu,
vidole vyangu huanza na A,
kwa mazoea,
mashine inakataa,
nami nafuta, herufi moja moja, polepole,
kama mtu anayemwita mtoto arudi ndani.